Nyumba ya Kimea ya Great Dunmow

Katika nchi ya Uingereza, upande wa mashariki, uko mkoa uitwao Essex, na ndani yake mji mdogo wa Great Dunmow, mwendo wa kama maili 40 kutoka London. Mto Chelmer wapita kando yake, na barabara ya kale iliyokatwa na Warumi yapita hapo pia. Waingereza wenyewe wakiutaja mji huu hukumbuka kwanza desturi yake ya kuwatunza mume na mke wanaoweza kuapa mbele ya watu kwamba hawakugombana wala kujutia ndoa yao kwa muda wa mwaka mmoja na siku moja. Desturi hiyo ni ya zamani sana, hata mshairi Chaucer aliitaja katika karne ya 14, na siku hizi hufanywa kila baada ya miaka 4. Zawadi yenyewe ni ubavu wa nguruwe uliotiwa chumvi, kwa hivyo wengi wetu hata tungeshinda tungerudi mikono mitupu.

Lakini somo letu si la ndoa. Katika mji huo huo, penye njia iitwayo Mill Lane, ipo nyumba ndefu ya miti iliyojengwa katika karne ya 16, zama za wafalme wa ukoo wa Tudor, na kazi yake ilikuwa kugeuza shayiri kuwa kimea. Ni miongoni mwa nyumba kongwe na timilifu za aina yake zilizobaki Uingereza, na imeandikwa katika orodha ya majengo ya kuhifadhiwa, daraja la 2 lenye nyota, yaani zaidi ya majengo ya kawaida ya orodha hiyo.

Huenda mwanachama akauliza: sisi na kimea cha Waingereza wapi na wapi? Sehemu kubwa ya kimea hicho huenda kwenye pombe, na hilo halifichiki. Lakini kazi ya kutengeneza kimea na kazi ya kukausha karafuu ni ndugu. Zote mbili ni vita na maji yaliyomo ndani ya kitu kidogo kisichozidi ncha ya kidole, na zote mbili mtu aweza kufanya kila jambo sawa kwa miezi, kisha akaharibu mali yake kwa usiku mmoja. Tofauti ni kwamba sisi twapigana vita hivyo uwanjani, juu ya jamvi na chini ya jua, tukitazama mawingu. Mwingereza hana jua la kutegemea. Kwa hivyo alijenga nyumba ifanye kazi ya jua, na kazi ya kivuli, na kazi ya upepo. Ukiifahamu nyumba hii waweza kuisoma kama chombo: kila kipimo chake, urefu wa dari, udogo wa dirisha, unene wa sakafu, kimewekwa kwa ajili ya unyevu wa punje.

Kimea ni nini

Wengi wetu twakijua kimea kwa togwa, au kwa uji wa watoto. Mtama au ulezi huloweshwa, ukaachwa uchipue, kisha ukakaushwa na kusagwa. Kitu gani kimetokea? Punje ni ghala. Ndani yake umo wanga, chakula alichowekewa mche mchanga. Maji yakiingia, mche huamka, nao hutoa vimeng'enya, yaani vitu vya asili vinavyofungua ghala na kuugeuza wanga kuwa sukari. Fundi wa kimea humwacha mche afungue milango ya ghala, lakini kabla hajaanza kula sana, humkausha. Milango imebaki wazi, chakula kimo ndani. Huo ndio ujanja wote, nao ni wa kale kuliko nyumba yoyote iliyosimama Ulaya.

Basi ugumu uko wapi? Uko katika wakati. Ukimzuia mche mapema, ghala halijafunguka, na punje hubaki ngumu kama changarawe. Ukimchelewesha, amekula mali yako. Na mche hana saa. Akipata joto hukimbia, akipata baridi hulala.

Hesabu yake ni hii. Shayiri kavu iliyo ghalani ina maji kama sehemu 12 katika 100. Ikiloweshwa sawasawa hufika sehemu 45 hivi. Kwa hivyo ratli 100 za shayiri huwa ratli 160 baada ya kulowa. Mwisho, ikishakauka tanurini na kubaki na maji sehemu 3 hadi 5 tu, na mizizi yake kupepetwa, hurudi kuwa ratli 80 na kidogo. Sisi ambao ratli 3 za karafuu mbichi hutupa ratli 1 kavu hatushangai kuona mali ikipungua juu ya sakafu. Ila huyu mwenzetu kwanza hujiongezea maji kwa hiari yake, kisha hutoa jasho kuyaondoa.

Birika na sakafu

Kazi ilianza kwenye birika. Shayiri ilimwagwa ndani ya maji siku mbili au tatu, maji yakibadilishwa, maana punje hupumua nayo, na maji yaliyokaa hunuka na kuiua. Zilizoelea juu zilikuwa pepe, ziliondolewa. Kutoka hapo shayiri ilitolewa ikawekwa rundo kwa siku moja hivi ili ipate joto lake yenyewe. Mtu akitia mkono ndani ya rundo aliliona joto, na ncha nyeupe za mizizi zikianza kutokeza.

Kisha ikatandazwa sakafuni, na hapa ndipo penye kiini cha nyumba. Nyumba ya kimea ya zamani ni ndefu na nyembamba, yenye sakafu wazi isiyo na vyumba. Dari ni ya chini. Katika nyumba nyingi za namna hii mtu mrefu hana budi kuinama penye boriti. Madirisha ni madogo, mara nyingi hayana vioo, ila vibao vya kufungua na kufunga. Mgeni akiingia hudhani mjenzi alikuwa bahili wa miti na mwanga. Sivyo. Hewa chini ya dari fupi hukaa tulivu, yenye baridi na unyevu. Dari ingekuwa juu, hewa ya joto ingepanda, hewa kavu ingeingia chini, na punje za juu zingekauka wakati za chini zingali mbichi. Na dirisha kubwa lingeleta jua, adui wa kimea kinachochipua.

Sakafu yenyewe ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa, au chokaa, au jasi, iliyolainishwa vizuri. Ilitakiwa iwe baridi, na iwe inakunywa maji kidogo bila kulowa. Sakafu ya mbao ina nyufa, na punje ikiingia ufani huoza hapo na kuambukiza mazao ya msimu mzima. Ndiyo sababu hata ghorofa ya juu katika nyumba hizi mara nyingi ilipigwa lipu nene, ingawa uzito wake ulizielemea boriti.

Shayiri ilitandazwa kwa kina cha inchi 4 hadi 8, na fundi alitawala joto lake kwa kina hicho. Usiku wa baridi aliikusanya iwe nene, ijifunike yenyewe. Siku ya vuguvugu aliitandaza iwe nyembamba, joto litoke. Alitaka ikae karibu na digrii 15 za sentigredi, na kwa karne nyingi hakuwa na kipimajoto; alikuwa na kiganja chake. Akaongeza na vibao vya dirisha: fungua upande huu, funga ule, kwa kadiri ya upepo. Kina cha punje na vibao vya dirisha, basi. Kwa vitu viwili hivyo watu waliendesha kazi ambayo leo huendeshwa na mitambo ya umeme, na kwa maoni yangu ni jambo la kustaajabisha kuliko majumba ya wafalme.

Tena ilikuwa lazima kuigeuza. Mizizi ya punje moja hushikana na ya jirani yake, na rundo likiachwa huwa kama zulia, likapata moto katikati na kuota ukungu. Kwa hivyo kila baada ya saa chache, mchana na usiku, watu waliigeuza kwa beleshi pana la mti, wakairusha kidogo hewani na kuiangusha nyuma yao, au wakaburura reki kubwa kutoka ncha hii ya nyumba hadi ile. Beleshi lilikuwa la mti kwa sababu chuma hukata punje. Na watu walifanya kazi miguu mitupu, au kwa viatu vya kitambaa, maana punje iliyopondwa hufa, na iliyokufa huota ukungu, na ukungu hausimami kwenye punje moja. Mwanachama aliyewahi kuona gunia zima likishushwa daraja kwa ajili ya karafuu chache zilizofungwa na unyevu ataelewa kwa nini fundi alimfokea kijana aliyeingia na viatu vya shamba.

Kazi hiyo ya sakafuni ilichukua siku 5 hata siku 14, kwa kadiri ya baridi. Fundi alijuaje kwamba wakati umefika? Alichukua punje, akaimenya, akatazama chipukizi lililokuwa likipanda chini ya ganda. Likifika kama robo tatu ya urefu wa punje, karibu tayari. Kisha akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa ina vidonge, bado. Ikiwa laini kama unga, hata akaweza kuandikia ubaoni kama chaki, basi, ipelekwe motoni. Chipukizi likitoka nje ya ganda, mali imekwisha kuliwa.

Tanuri

Mwisho wa nyumba palikuwa na tanuri, na sehemu hii ilijengwa kwa matofali, maana kuweka moto katika nyumba ya miti ni kumkaribisha mwizi. Moto ulikuwa chini. Juu yake, kwa urefu wa kutosha ili joto lienee, palikuwa na sakafu ya pili iliyotobolewa, na kimea kibichi kilitandazwa hapo. Zamani sakafu hiyo ilikuwa ya vipande vya mti vilivyofunikwa kitambaa kilichofumwa kwa singa za farasi. Baadaye vikaja vigae maalumu vyenye matundu madogo mengi, moto upite na punje isianguke. Paa la tanuri lilisimama kama piramidi, na katika nyumba nyingi lilivikwa kofia inayogeuka kwa upepo, ili mvuke utoke na mvua isiingie.

Moshi wa moto ulipita moja kwa moja ndani ya kimea. Kwa hiyo kuni zilichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Wengine walitumia majani makavu ya ngano, yenye moshi mwepesi. Kuni zilileta harufu na weusi. Katika karne ya 17 mafundi wa Derby walianza kutumia makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza hadi yakaishiwa moshi, na kimea chao kikasifiwa kwa weupe wake. Sisi nasi twajua jinsi karafuu inavyonyonya harufu ya kitu kilicho karibu yake.

Na hapa pia palikuwa na kanuni ya subira. Joto kali halitiwi penye maji mengi. Kwanza moto mdogo na hewa nyingi, unyevu utoke polepole. Kisha, punje zikishakauka, moto huongezwa hata digrii 80 hivi kwa kimea cheupe. Mwenye haraka akipiga moto tangu mwanzo hupika badala ya kukausha: punje huwa kama kioo, na vimeng'enya, vilivyogharimu siku zote zile za kugeuza, hufa.

Mifupa ya nyumba

Sasa tuitazame nyumba yenyewe ilivyofungwa. Essex haina mawe mazuri ya kujengea, lakini ilikuwa na misitu ya mwaloni. Mwaloni ni mti mgumu, mzito, wenye kudumu. Mafundi hawakungoja ukauke. Waliuchonga ungali mbichi, kwa sababu mkavu hushinda shoka. Kila ubavu wa nyumba uliundwa kwanza ukiwa umelazwa chini: nguzo, mtambaapanya wa juu yake, boriti, mikono ya kukaza pembe, mpaka makombamoyo ya paa. Viungo havikupigiliwa chuma. Ncha ya mti mmoja ilichongwa ulimi, mwingine ukatobolewa tundu, ulimi ukaingia tunduni, kisha vikatobolewa pamoja na kupigwa msumari wa mti. Kila kiungo kilitiwa alama ya fundi kwa patasi, mara nyingi mistari mfano wa tarakimu za Kirumi, ili mti ujulikane mahali pake. Baadaye yote yalifunguliwa, yakapelekwa kiwanjani, yakasimamishwa.

Mwaloni ulipokauka baada ya kujengwa ulijikunja na kukaza viungo. Ndiyo maana nyumba hizi huonekana zimepinda, nguzo moja huku na nyingine kule, na bado hazianguki. Fundi alilijua hilo tangu mwanzo, akaliacha lifanye kazi.

Kati ya nguzo ukuta ulijazwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, kisha ukapakwa chokaa. Mwanachama asome sentensi hiyo mara ya pili. Ni nyumba ya fito na udongo, ndugu ya nyumba zilizojaa mashambani kwetu, tofauti ni kwamba mifupa yake ni mwaloni na ya kwetu ni mikoko. Hata kanuni ya upana ni moja. Vyumba vya Mji Mkongwe wa Unguja ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haizidi sana futi 8 hadi 10. Mwaloni waweza kuvuka futi 16 hadi 20, na nyumba za Essex zikawa na upana huo. Aliyetaka nafasi zaidi hakupanua. Alirefusha, akaongeza nguzo kwa nguzo mpaka nyumba ikatosha shayiri yake. Kwa kazi ya kimea umbo hilo lilifaa mno, maana mali husogea kutoka birika upande mmoja hadi moto upande wa pili, na hairudi nyuma.

Miguu ya nguzo haikuzikwa ardhini. Iliwekwa juu ya mti mrefu uliolala, na mti huo juu ya msingi mfupi wa matofali, mbali na maji ya ardhi.

Mtu wa ushuru

Tangu mwaka 1697 hadi 1880 serikali ya Uingereza ilitoza ushuru juu ya kimea, na ushuru huo uliingia mpaka ndani ya nyumba. Fundi hakuweza kulowesha shayiri kwa siri. Alitakiwa kutoa taarifa kwanza. Afisa akaja na fimbo yake ya kupimia, akapima shayiri ndani ya birika, akapima tena kwenye rundo, akapima tena sakafuni, na kipimo kilichokuwa kikubwa ndicho kilicholipiwa. Birika na rundo vilikuwa na maumbo yaliyowekwa na sheria ili kuhesabu kuwe rahisi. Wako walioikanyaga shayiri ishikamane na kuonekana kidogo, na sheria ikaja kukataza hilo pia kwa faini.

Ubaya mkubwa wa ushuru huo, kwa upande wa mkulima, ulikuwa kwamba sheria iliingia kati ya fundi na mali yake: iliweka saa za kulowesha, na siku ambazo hakuruhusiwa kuirashia maji ikiwa sakafuni, hata kama kiganja chake kilimwambia inakauka. Mwaka 1880 Waziri Mkuu Gladstone aliuondoa, akauhamishia kwenye pombe yenyewe. Tangu hapo fundi akawa huru kufuata punje badala ya fimbo.

Watu wa msimu

Kimea cha sakafuni kilifanywa tangu Oktoba hadi Mei. Kiangazi joto lilikuwa jingi mno, nyumba zikafungwa. Hapo ndipo ilipopatana na shamba: shayiri huvunwa mwishoni mwa kiangazi, na baada ya mavuno vibarua wengi hawakuwa na kazi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa mikoa ya Norfolk na Suffolk walipanda gari la moshi kila vuli wakaenda Burton upon Trent, mji wa viwanda vikubwa, wakafanya kazi ya kimea majira yote ya baridi na kurudi nyumbani na fedha zao wakati wa kuchipua. Wachumaji wanaovuka kutoka Unguja kwenda Pemba wakati wa mavuno wangewatambua mara moja. Walichaguliwa wenye mabega, kwa kuwa gunia la shayiri lilikuwa zito na beleshi lenye punje mbichi lilikuwa zito zaidi, na mwenye kulala fofofo hakufaa, maana zamu ya kugeuza usiku haina msamaha.

Jinsi nyumba ilivyookoka

Reli ndiyo iliyozipunguza nyumba ndogo. Wenye viwanda vya pombe waliweza kuleta shayiri kutoka mbali na kujenga majengo makubwa kando ya njia ya gari. Kisha, mwishoni mwa karne ya 19, Mfaransa Saladin akavumbua sanduku refu lenye mitambo ya kugeuza shayiri na hewa ya kupuliziwa, na kiangazi hakikuwa kizuizi tena. Kufika miaka ya 1960 sakafu nyingi zilikuwa kimya. Nyumba zikawa maghala, karakana, au mahame. Nyingi ziliungua au kubomolewa. Nyingine zimegeuzwa nyumba za kupanga, ndani hamjulikani kitu isipokuwa umbo la paa la tanuri.

Na adui mwingine alikuwa mkarabati mwenye nia njema. Katika karne ya 20 watu wengi walitengeneza nyumba za miti kwa saruji, wakidhani ni imara kuliko chokaa. Saruji haipumui. Nyumba ya mwaloni hujikunja na kujinyosha kidogo kila majira, saruji ikapasuka, maji yakaingia ufani, yasipate njia ya kutoka. Nje ukuta ulionekana mweupe na mgumu. Ndani nguzo iliyosimama miaka 400 ilikuwa imegeuka unga. Chokaa hunyonya maji na kuyaachia, na ikipasuka hupakwa tena kwa gharama ndogo. Wenye nyumba Mji Mkongwe wameyaona hayo hayo katika kuta za mawe ya matumbawe, na wangali wapo wanaobishana na mafundi wao kwa jambo hili.

Nyumba ya Great Dunmow ilikuwa katika hatari ya namna hiyo. Haikuwa ya mfalme wala ya askofu. Hakuna vita vilivyopiganwa mlangoni. Kuiacha ianguke kusingemwudhi mtu mkubwa. Waliojali walikuwa wenyeji. Mwishoni mwa karne ya 20 waliunda jumuiya ya kuihifadhi, wakatafuta fedha, na nyumba ikatengenezwa. Hoja yao ilikuwa na nguvu kwa sababu moja: kazi yote ya kimea iliweza bado kusomeka ndani ya jengo moja. Ukuta wa zamani waweza kuupata popote Uingereza. Mahali ambapo mtoto aweza kuonyeshwa njia yote ya punje, tangu maji hadi moto, katika nyumba ya miti ya karne ya 16, ni pachache mno.

Kanuni ya ukarabati wa aina hii nchini humo ilianzia kwa Chama cha Kulinda Majengo ya Kale, kilichoanzishwa mwaka 1877 na William Morris na wenzake. Yasema: tengeneza kilichooza tu. Nguzo iliyooza mguu haiondolewi yote. Hukatwa penye ubovu, kikaungwa kipande kipya cha mwaloni kwa kiungo cha kupandana, na kipya hakipakwi rangi ili kifanane na kikuukuu. Mtu wa kesho ajue kipi ni cha nani. Kazi hiyo ni ya polepole na ghali, na yataka fundi anayeujua mti, na ni lazima mafundi hao wapatikane. Nyumba moja kama hii ikitengenezwa huacha vijana kadhaa waliojifunza ulimi na tundu.

Leo ndani yake mna makumbusho ya mji wa Great Dunmow. Hakuna shayiri tena sakafuni. Anayetaka kuona shayiri ikigeuzwa kwa mikono aweza kwenda magharibi hadi mji wa Warminster, katika mkoa wa Wiltshire, ambako jengo la mwaka 1855 lingali likifanya kazi, na watu wangali wakiburura reki kutoka ncha hadi ncha. Kimea cha huko ni ghali kuliko cha mitambo, na wanunuzi wapo.